Mtumba wa saa kuzidi bei ya mpya, Mmakonde gani asielewe?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua. Juzi juzi kuna msomaji kaandika humu kwamba mtu anayetoa mamilioni kununua saa iliyokwisha kuvaliwa na mwenzie ana hela za laana, maana simu ya elfu thelathini nayo inaonyesha saa na mpya zimejaa madukani. Nilicheka, afu nikaudhika kidogo, maana mimi ndo kazi yangu hiyo, fundi saa hapa Mtwara mjini, meza yangu ipo sokoni mwaka wa ishirini na kitu huu, na swali hilo naulizwa na vijana wanaokuja kubadilisha betri mpaka nimelichoka.

Kwanza nimpe nusu ya haki yake. Saa nyingi za bei mbaya ukishatoka nazo dukani tu zimeshashuka, hata za Uswisi, hata za dhahabu. Zinazoshikilia bei au kupanda ni chache mno, Rolex baadhi, Patek Philippe baadhi, Audemars Piguet ile Royal Oak, Omega kadhaa za zamani. Nasema baadhi kwa makusudi. Na uzee peke yake hauongezi kitu, Seiko 5 ya babu yako naipenda sana na itakuzika wewe na mimi, ila usimuahidi mtu kiwanja kwa ajili yake.

Sasa hizo chache zina nini? La kwanza ni kwamba mpya haipatikani. Unaingia duka la wakala wa Rolex huko Ulaya na hela yako mkononi unataka Daytona ya chuma, unaambiwa andika jina usubiri, na kusubiri kwenyewe kunaweza kwenda miaka, asiyetaka kusubiri anamfuata aliyenayo, na aliyenayo si mjinga. Ndo mtumba unapita bei ya dukani. Mbona Land Cruiser mkonga tunaijua wote, imepiga barabara ya Newala na Tandahimba miaka ishirini, siti zimechanika, mlango unafungwa kwa kamba, hebu kamuulize mwenyewe bei uone atakachokutajia na wala hatabembeleza.

Na wenye viwanda hawana haraka ya kufurika sokoni. Rolex ilianzishwa London mwaka 1905 na Hans Wilsdorf, baadaye ikahamia Geneva, na mpaka leo mwenye kampuni ni wakfu aliouacha yeye, haipo soko la hisa kwamba kuna watu wanadai gawio kila mwaka. Patek iko mikononi mwa familia ya Stern tangu 1932. Watu wa namna hiyo wanaweza kukunyima saa leo ili uitamani zaidi kesho.

Kinachoshangaza wengi ni kwamba zinazogombewa mara nyingi ni za chuma, za dhahabu zipo tu. Mwaka 1969 Wajapani wa Seiko walitoa saa ya mkononi ya kwatsi, hizi tunazoita za betri, inakwenda sawasawa kuliko saa yoyote ya ufunguo na baadaye zikawa bei chee, Waswisi wakaanza kufunga viwanda kimoja baada ya kingine. Mwanzoni mwa balaa hilo Audemars Piguet mwaka 1972 wakaleta Royal Oak, saa ya chuma kwa bei ya kushinda hata za dhahabu, mchoraji wake Gérald Genta, na mwaka 1976 huyo huyo akawachorea Patek ile Nautilus. Watu waliona wazimu. Mwaka 2021 Patek wakatangaza kuacha kutengeneza Nautilus 5711 ya chuma, na mwishoni mwa mwaka huo huo wakatoa 170 za mwisho zenye uso wa bluu ya Tiffany, duka la vito la Marekani, bei ya dukani kama dola 52,000 hivi, moja ikapelekwa mnadani New York kwa ajili ya hisani, ikaenda kwa dola milioni 6.5. Hapo hata mimi mwenye kazi yangu nilisema hapana jamani.

Ila ya Paul Newman naielewa kabisa. Huyu alikuwa mcheza sinema wa Marekani na dereva wa magari ya mashindano, mkewe akamnunulia Rolex Daytona, nyuma akamchongeshea maneno ya kumwambia aendeshe kwa uangalifu. Daytona zenye uso wa namna ile wakati huo zilikuwa zinakaa madukani hazina mwenyewe, watu waliona ni mbaya, na kwa kuwa hazikununuliwa zikawa chache. Newman akaivaa miaka, akampa kijana aliyekuwa na uhusiano na binti yake, kijana naye akaivaa, na mwaka 2017 ikauzwa New York dola milioni 17.75, kama bilioni 40 za kwetu. Sasa mwandishi wetu atasema si mtumba huo? Ndiyo mtumba, na kuvaliwa na yule bwana ndiko kulikoipa bei, ingekutwa kwenye boksi haijavaliwa na mtu isingefika hata robo.

Na hapa ndo namshangaa maana barua yake iliandikwa kutoka hapa hapa Kusini. Lipiko, kinyago cha kuvaa kichwani, lililochezwa jandoni miaka mingi, lina jasho la watu ndani, nywele zimeng'ooka, na jipya lililochongwa juzi likapigwa kiwi ya viatu lionekane kukuu, lipi lina thamani? Mwaka 1984 liliibwa moja kutoka Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam, likaja kuonekana kwenye makumbusho ya watu binafsi Geneva, ndiyo, Geneva hiyo hiyo ya Rolex na Patek, na mpaka linarudi nyumbani ilikuwa 2010. Hakuna aliyehangaika kuiba la kiwi.

Sasa nieleze kosa langu, maana ndilo hasa lililonifanya nikae chini kuandika. Mjomba wangu alikuwa baharia, aliniachia Omega ya ufunguo aliyoinunua bandari ya ughaibuni miaka ya 1960. Uso wake ulikuwa mweusi lakini jua na chumvi ya miaka yote hiyo viliugeuza kahawia, kama chai ya rangi, na bodi ina mikwaruzo. Mimi kijana, fundi mpya, nataka kumheshimu mjomba, nikaipiga bodi mashine ya kusugua mpaka kona zote zikalainika kama kipande cha sabuni, uso nikaukwangua na wembe nikapaka rangi nyeusi ya kucha, mistari nikachora kwa sindano. Ikang'aa. Nikaitandika juu ya meza kama tangazo la kazi yangu.

Mwaka 2012 hivi, enzi za gesi, mji umejaa wageni, akaja mzungu mmoja, akaishika, akaomba kile kioo changu cha jichoni, akakaa nayo muda mrefu. Akaniuliza uso huu nani kaufanya. Nikasema ni mimi, tena kwa kujidai. Akauliza kabla ulikuwaje, nikamweleza ulikuwa umeungua na jua, umekuwa kahawia. Yule mtu akafumba macho kabisa. Akanieleza taratibu kwamba uso mweusi ulioungua ukawa kahawia huko kwao wanauita wa tropiki na wapo wanaoongeza hela nzuri kwa ajili ya rangi hiyo, kwa sababu kiwandani haitengenezwi, inatengenezwa na jua na miaka. Akanirudishia saa yangu, akanunua mkanda wa ngozi wa elfu kumi, nadhani kwa kunihurumia, akaondoka.

Kwa hiyo kwa wale wenye saa za wazee ndani, na najua mnazo, waliokuwa mabaharia, waliofanya kazi bandarini, msikimbilie kuzisugua. Fundi akusafishie mashine ya ndani, atie oili, abadilishe raba ya kuzuia maji, basi. Uso usiguswe, mishale isibadilishwe, na kiboksi chake na karatasi za waranti hata kama zimeliwa na mende usichome, kwa sababu mnunuzi wa saa hizi analipia uhakika kwamba kitu ni kile kile kilichotoka kiwandani. Saa za kuungaunga ziko nyingi duniani, bodi ya hii uso wa ile, na feki za siku hizi hata mimi mpaka nifungue nyuma niione mashine.

Na vijana mnaoniuliza kama mtie hela za korosho kwenye Rolex ya mtandaoni, jibu langu ni hapana. Mwanzoni mwa 2022 bei za mitumba hii zilikuwa juu mno, watu wakanunua kwa pupa wakidhani zitapanda milele, mwaka haujaisha zikaporomoka. Waliokuwa na mzigo wa korosho ghalani 2018 wakisubiri mnada wanaelewa vizuri bei ni nini pale mnunuzi asipokuwepo. Saa nzuri nunua kwa sababu unaitaka mkononi mwako.

Mwezi uliopita alikuja binti mmoja na saa ya babu yake, harusi ya kaka mtu ilikuwa Jumamosi, akataka ing'ae kama mpya. Nikaigeuza nikaiona, uso wake umeanza kuwa kahawia pembeni. Nikamwambia mwanangu nitakusafishia mashine na mkanda mpya nitakupa bure, lakini hii siisugui. Tukabishana weee, mwisho akaniambia babu unaringa, akaichukua akavuka barabara kwa mwenzangu. Hata dakika tano hazikupita nikaisikia mashine ya kusugua inaanza kuunguruma.

Wasalaam,
Fundi saa, Mtwara