Barua kwa mwanangu: ile damu bombani

Mwanangu Hamisi,

Assalamu alaykum. Huku hatujambo, ila bibi yako kikohozi kimemrudia. Nasikia Jumatatu unapakia mzigo wa Lubumbashi, ndiyo maana nakuwahi kabla hujafika Tunduma.

Ile damu niliyoiona Idi Mosi haijanitoka moyoni. Ulitema povu jekundu, ukalimwagia maji haraka, ukadhani mama haoni. Mkeo anasema huu mwezi wa tatu, na upande ule siku hizi huupigi mswaki, eti usijitoneshe. Hapo umekosea, baba. Damu inatoka kwa sababu ya ukoga uliokaa shinani mwa jino. Ukiukwepa unazidi, unaganda ukawa kama jiwe, na ukishaganda mswaki hauutoi, mpaka vyombo vya daktari wa meno. Nenda wakakusafishe. Wala usiniambie halikuumi. Mara nyingi fizi hainaga maumivu, mfupa unaoshika jino unaliwa chini kwa chini, unakuja kushtuka jino linacheza. Ya marehemu baba yako unayajua, sirudii.

Usiku usilale bila kupiga mswaki, hata kama umelala garini. Mswaki laini, dakika mbili, uulaze ufike pale jino linapoingia kwenye fizi. Taratibu, si kama unakwangua ukoko wa sufuria. Na katikati ya meno pia, kuna nyuzi zake dukani. Najua, kwetu mswaki ulikuwa wa asubuhi tu, na aliyekuwa akiwatoa kitandani ni mimi. Mkilalamika damu, nawaambia sukutueni maji ya chumvi. Basi.

Halafu sigara. Mvutaji fizi zake huweza zisitoe damu na huku zinaoza, kwa hiyo damu ikikatika usinipigie kunifurahisha. Umemsomesha mdogo wako, mtaa mzima wanakusifu, nami kichwa kinavimba. Lakini matairi ya lori unayakagua kila kituo, mdomo wako mwenyewe huuangalii!

Mbuzi kazaa mapacha, mmoja dhaifu, tunamnywesha kwa chupa. Fundi wa jiko anataka nusu ya hela kwanza, nimemwambia asubiri. Ya mabati usitume mwezi huu, mpelekee daktari. Jiko litavuja, tumezoea.

Mswaki mpya, wa kijani, nimempa mkeo akutilie kwenye begi. Damu ile, Hamisi. Ukifika Mbeya nipigie uniambie umekwenda au bado.

Mama yako