Tuchangiane tungali hai: barua kwa vyama vyetu vya Uingereza

Kwa wenyeviti, makatibu, waweka hazina na wanachama wa vyama vya Watanzania, Wakenya, Wakongomani na Waswahili wengine wote mlioko Uingereza.

Asalaam aleikum, na Bwana asifiwe. Wakubwa zangu, shikamooni. Wanangu, hamjambo.

Nawaandikia kama mama yenu na kama muuguzi mstaafu wa wodi za hapa. Tukipata msiba, chama kinaamka. Ujumbe unaingia kwenye kundi usiku, kufika asubuhi michango imeshaanza kumiminika, mmoja anashughulikia vibali, mwingine anawapikia waombolezaji, na siku chache baadaye maiti iko kwenye ndege. Najivunia sana moyo huo. Lakini nikikaa matangani nikauliza marehemu alikuwa akiumwa nini, majibu ni yale yale: presha, sukari, figo, au "ilikuwa ghafla tu". Nguvu hiyo inayosafirisha jeneza ndiyo ninayoiomba leo, itumike mtu angali anatembea.

Presha haiumi, na hapo ndipo ilipo hatari yake. Mtu anaweza kuwa nayo miaka mingi huku akiendesha basi, akibeba maboksi ghalani au akiwaogesha wazee wa watu zamu ya usiku, nayo inaharibu mishipa, moyo na figo kimyakimya. Sisi watu weusi wa nchi hii hupata presha na kiharusi zaidi ya Wazungu, na mara nyingi katika umri mdogo zaidi. Kisukari cha aina ya pili nacho hutupata tukiwa na unene mdogo kuliko wao. Ndiyo maana mwongozo wa madaktari wa hapa, wanapopima uzito dhidi ya urefu, yaani BMI, huwataka watuonye kuanzia 23, wakati Mzungu huonywa kuanzia 25. Msiniambie ni damu ya ukoo tu. Ukoo una sehemu yake, lakini zipo pia chumvi, sigara, zamu za usiku, chumba chenye unyevu, na hofu ya makaratasi inayomnyima mtu usingizi.

Kina baba, naomba mnisikilize hapa. Katika nchi hii saratani ya tezi dume humpata mwanaume 1 kati ya 8. Kwa wanaume weusi ni 1 kati ya 4. Hakuna barua itakayokuja nyumbani kukuita upimwe. Ni lazima uende mwenyewe kuomba. Chama cha Prostate Cancer UK kinawashauri wanaume weusi wazungumze na GP, yaani daktari wa mtaani kwako, kuanzia miaka 45. Na mnaokimbia kwa kuogopa kidole cha daktari, jueni kwamba kipimo cha kuanzia ni cha damu, kinaitwa PSA. Mficha maradhi kifo humuumbua, wazee wetu walishasema.

Kuna wanaoniambia, "Mama, mimi sina karatasi, nitapimwa wapi?" Hapa England, kujiandikisha kwa GP hakuhitaji viza wala uthibitisho wa anwani. Mkalimani ukimwomba, hulipi. Aliye na umri wa miaka 40 hadi 74 na hana ugonjwa wa moyo, kisukari wala figo uliokwishajulikana, ana haki ya uchunguzi wa afya wa NHS, huduma ya afya ya serikali, kila baada ya miaka 5. Na aliyetimiza 40 anaweza kuingia kwenye duka la dawa linalotoa huduma hiyo akapimwa presha bila malipo.

Sasa nije kwenye vyama vya wagonjwa, maana wengi wetu tunavidhania kuwa ni mahali pa kwenda kulia. Tazameni selimundu, yaani sickle cell, ugonjwa wa damu wa kurithi tunaoujua vizuri kwetu. Mwaka 1979 wagonjwa, wazazi na wahudumu wa afya walianzisha Sickle Cell Society jijini London. Mwaka huo huo, huko Brent, muuguzi Elizabeth Anionwu alishiriki kuanzisha kituo cha kwanza nchini cha kupima na kushauri kilichoongozwa na wauguzi. Wakati ule mgonjwa aliyefika hospitali akipiga kelele za maumivu aliweza kudhaniwa mraibu wa dawa za kulevya. Watu hawa walisukuma, wakaandika, wakawafuata wabunge, na leo kila mtoto anayezaliwa England hupimiwa selimundu katika tone lile la damu ya kisigino. Kazi haijaisha: mwaka 2021 chama hicho pamoja na wabunge walitoa ripoti iliyoeleza jinsi wagonjwa wanavyoendelea kupuuzwa wodini. Nao wanahitaji damu. Aina ndogo ya damu iitwayo Ro, inayowafaa wengi wao, hupatikana kwa zaidi ya nusu ya wachangiaji weusi, lakini ni nadra kwa Wazungu. Ukirudi kutoka nyumbani Afrika kuna muda wa kusubiri na kipimo kwa ajili ya malaria. Subiri, upimwe, kisha uchangie.

Ndugu zetu wa Ujerumani, Uholanzi na Ubelgiji nao wana milango yao. EURORDIS, iliyoanzishwa Paris mwaka 1997, inaunganisha wenye magonjwa adimu. European Patients' Forum, jukwaa la vyama vya wagonjwa lililoanzishwa mwaka 2003, lina ofisi Brussels. Kwenye kamati ya dawa za magonjwa adimu ya Umoja wa Ulaya, wawakilishi wa wagonjwa hukaa kama wajumbe kamili wenye kura. Katika mikutano ya wagonjwa niliyoketi mimi, Waswahili tulikuwa wachache mno.

Na msidhani tabia za mezani hazibadiliki. Finland ya mashariki, mkoa wa North Karelia, wanaume walikuwa wakifa kwa moyo kuliko karibu kokote duniani: siagi, chumvi, sigara. Mwaka 1971 wananchi, wakiongozwa na gavana wao, waliiandikia serikali kuomba msaada. Mradi ulianza 1972 chini ya daktari kijana, Pekka Puska. Waliobeba kazi vijijini ni kina mama wa chama cha Martha, waliofundishana kupika upya vyakula vya kwao vikiwa na mboga nyingi na mafuta machache. Baada ya miaka 40 hivi, vifo vya moyo kwa wanaume wa umri wa kufanya kazi vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Kina mama wanaotupikia pilau kwenye shughuli zetu, nawatazama ninyi.

Ombi langu, basi. Kila chama kitenge fedha kidogo kinunue mashine ya presha, na watu wapimwe kabla ya chakula, pembeni, mmoja mmoja. Namba ya mtu isiandikwe kwenye kundi la WhatsApp wala isitajwe jikoni. Ikivuja mara moja, hakuna atakayekunja mkono wa shati tena. Kisha mteueni mwanachama mmoja ajiunge na chama cha wagonjwa, ahudhurie, aulize, arudi atueleze kwa Kiswahili. Mkishanunua mashine, niiteni. Nitakuja kuwafundisha vijana kuitumia, na nauli nitajilipia.

Mama yenu,
muuguzi mstaafu, Leicester