Barua ya wazi kwa Kamishna wa FDA: vidonge vya tezi ya nguruwe visiondolewe kwa kalenda

Mheshimiwa Kamishna,

Agosti 2025 mamlaka yako, inayosimamia chakula na dawa Marekani, iliwaandikia watengenezaji wa vidonge vya tezi kavu ya nguruwe (tezi ya shingoni, kwa wagonjwa ambao tezi yao haitoi homoni za kutosha) kwamba hizo ni dawa za kibiolojia, yaani zinazotokana na viumbe hai, zisizo na leseni, na wagonjwa wakapewa miezi 12 hivi kuhamia dawa nyingine. Kuhusu leseni hatubishi. Kuhusu ubora pia hatuna utetezi: mwaka 2020 baadhi ya matoleo yalirudishwa kwa kuwa na nguvu hadi asilimia 115 ya iliyoandikwa, mengine asilimia 87 tu. Tunachopinga ni muda.

Kidonge cha miligramu 60 kina takribani mikrogramu 38 za T4 na 9 za T3, homoni mbili za tezi hiyo. Mgonjwa akibadilishiwa levothairoksini pekee (T4 ya kutengenezwa), tuseme mikrogramu 88 au 100, TSH yake, homoni inayoiamuru tezi na hupimwa kwenye damu, inaweza kusoma vizuri huku T3 ikishuka na uchovu ukirudi. Baadhi watahitaji kuongezewa liothaironi, yaani T3 ya kutengenezwa. Nusu yake huondoka mwilini kwa siku moja hivi, ilhali T4 huchukua wiki nzima, kwa hiyo mikrogramu 5 asubuhi na 5 alasiri ni bora kuliko 10 kwa mkupuo, hasa kwa wazee na wenye maradhi ya moyo. Kila dozi ikibadilishwa, TSH hupimwa baada ya wiki 6 hadi 8. Marekebisho matatu tayari yamekula karibu miezi mitano, na hapo hatujahesabu foleni ya miadi.

Tusielekezwe kwa wafamasia wanaochanganya dawa wenyewe. Dawa ikishaitwa ya kibiolojia, mlango huo nao umefungwa.

Levothairoksini yenyewe iliuzwa miongo mingi bila kibali. Mwaka 1997 FDA ilidai maombi, ikasogeza tarehe ya mwisho, na mwaka 2007 ikabana nguvu ya kidonge iwe kati ya asilimia 95 na 105. Dawa haikutoweka madukani.

Tunaomba njia hiyohiyo. Kila toleo lipimwe T4 na T3 kwa kipimo hicho cha 95 hadi 105, kuanzia sasa. Kampuni ambayo majaribio yake ya kuomba leseni yanaendelea iachwe iuze hadi uamuzi utoke. Wajawazito wahamishwe kwanza, kwa kuwa mtoto tumboni hutegemea T4 ya mama, nao hawawezi kungoja. Na madaktari wapewe mwongozo wa kubadilisha dozi kabla ya tarehe yoyote kutangazwa.

Wasalaam,
Wafamasia na wauguzi wa wagonjwa wa tezi