YAH: MALALAMIKO KUHUSU VISANDUKU VYENU VYA KUDHIBITI BARIDI, NA NAMNA NILIVYOPOKELEWA KAUNTANI KWENU

Kibirizi, Kigoma

Kwa Meneja Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ndugu Meneja, masharti ya waranti mliyaandika wenyewe, sitawasomea. Visanduku sita, kompyuta ndogo za kuongoza majokofu, risiti mnayo. Vinne vimekufa kabla mwaka haujaisha. Nilivileta hadi kwenu Dar es Salaam, siku mbili ndani ya treni, nimevifunga kwa kanga begini visigongane. Kijana wenu wa ufundi hakufungua hata kimoja. Nilimpa karatasi tatu nilizochapisha, zina makosa ya kerneli (kiini cha Linux, mfumo unaoendesha visanduku) na vipimo vya chipu ya kuhifadhia data. Akazilaza kaunta, akaweka kikombe chake cha chai juu yake, kisha akaniambia wateja wengine wakisikia: "Mzee, nyie huko mwisho wa reli mnachomeka tu hovyo. Umeme ndio umeua."

Umeme haukuua. Naomba nieleze hapa, maana pale sikupewa nafasi.

Umeme ukikatika wakati wa kuandika, faili huweza kuharibika. Hilo nalijua, limenikuta mara nyingi. Unawasha upya, unapitisha fsck, programu ya kukagua na kurekebisha faili, aghalabu mashine inarudi. Hivi vyenu havikurudi. Kerneli inaripoti kosa la kuandika kwenye mmcblk0, yaani chipu hiyo, na ext4, mfumo unaopanga faili juu yake, inajifunga na kubaki ya kusoma tu. Niliviwasha kwa kadi ya SD, nikafomati upya, nikajaribu kuandika: kosa lile lile. Chipu yenyewe imechakaa. Nanyi mnajua kwamba eMMC, chipu ya aina hii, hubeba kipimo cha uchakavu ndani yake, na amri ya mmc extcsd read inakitoa. 0x01 ni chipu ambayo haijamaliza hata sehemu ya kumi ya uhai wake, 0x0A iko ukingoni, 0x0B imepitiliza. Vyote vinne vinasoma 0x0B.

Nikatafuta kinachozila. Kila kisanduku kina vihisi joto 8, na programu yenu huandika kipimo cha kila kihisi kila sekunde, tena kila mstari inaulazimisha ushuke kwenye chipu papo hapo badala ya kuikusanya kwanza. Flashi, kumbukumbu iliyo ndani ya chipu hizi, haiandiki kijisehemu. Inaandika ukurasa mzima, na haiwezi kuandika juu ya maandishi ya zamani mpaka ifute bloku nzima. Ongeza jarida la hifadhidata, daftari linaloandika kila badiliko mara ya pili, ongeza jarida la ext4. Nilisoma hesabu ya maandishi kwenye /sys/block/mmcblk0/stat leo na kesho yake saa ile ile: GB 30 kwa siku moja, kwenye chipu ya GB 4! Inaandikwa upya yote zaidi ya mara saba kwa siku, ilhali seli za MLC, aina ya seli za flashi, huhesabiwa kuvumilia kufutwa mara 3,000 hivi. Na hapo sijahesabu kurasa na bloku ambazo chipu huandika na kufuta yenyewe kwa ndani. Yeyote aliyeiandika programu ile angepiga hesabu hii kwa dakika tano.

Kisanduku cha tano nilikigusa mwenyewe, wiki ya pili tu baada ya kukinunua. Nilihamishia hifadhidata kwenye tmpfs, folda inayokaa kwenye RAM, ikawa inashushwa kwenye chipu mara moja kwa saa, nikaweka na noatime, ili kusoma faili tu kusiandike saa ya kusomwa. Kiko kwenye soketi moja na vile vilivyokufa, kinakatiwa umeme ule ule. Kinasoma 0x02. Vingine sikuvigusa kwa sababu masharti yenu yanasema mteja akigusa programu, waranti imekufa. Niliwatii. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Maana kilipokufa cha tatu ilikuwa usiku. Programu ikishindwa kuandika inakwama, na ikikwama haiwashi kompresa. Asubuhi mama mwenye mzigo alifungua jokofu, akachukua samaki, mgebuka mmoja, akaubonyeza tumboni kwa kidole gumba. Shimo likabaki pale pale. Hakusema kitu. Alinitazama mimi, si ninyi, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia aamini visanduku vile. Nilikuwa nimeshawapigia simu kilipokufa cha kwanza, mkasema mtanipigia. Sijapigiwa hadi leo.

Sasa rudi kaunta kwenu. Nimetoka kwa mama huyo, nimelala kwenye kiti siku mbili, nasimama mbele ya kijana wa umri wa mwanangu na karatasi zenye jibu la swali lake. Anaweka chai juu yake. Namwambia, "Mwanangu, soma huo mstari wa chini." Anasema, "Mzee, Linux unaijua wewe?" Watu wakacheka. Alipoinua kikombe, duara la chai lilikuwa limekaa juu ya 0x0B yenyewe. Karatasi hiyo ninayo. Nimeambatanisha nakala yake, mwone.

Nilikuja kwenu nikitaka vinne vibadilishwe, basi. Leo sitaki hivyo. Nataka fedha ya vyote sita, kwa kuwa cha sita kimeshafika 0x0A na mkinipa vipya vyenye programu ile ile vitakufa vile vile. Nataka nauli yangu ya kwenda na kurudi. Nataka mama yule alipwe thamani ya migebuka yake yote. Nataka kijana wenu aniombe radhi kwa maandishi, na sahihi yako, Ndugu Meneja, iwe chini yake. Na wote mliowauzia muwapelekee programu iliyorekebishwa bila kuwatoza hata shilingi, kwa sababu wako wenye chanjo na dawa ndani ya majokofu yao, na hawajui kwamba siku zinahesabika.

Nawapa siku 14. Zikipita kimya, nitapeleka malalamiko chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, pamoja na visanduku vinne, vipimo vyote na karatasi yenye chai.

Wenu,

Fundi wa majokofu,
Mwalo wa Kibirizi

Nakala: Tume ya Ushindani, itatumwa siku ya 15.