Mwanangu, mwili wako umeshasahau

Mama, nimesikia kwa mdogo wako kwamba ile kazi umepata na unaondoka wiki ijayo. Hukuniambia mwenyewe ila sawa, najua ulifikiri nitakataza. Sikatazi. Nimefurahi sana, na usingizi umenipaa tangu nisikie, furaha na woga vimekuja pamoja sijui nishike kipi. Kuna jambo moja kila nikianza kulisema unanikata, baba acha basi mimi nimepona, kwa hiyo naliandika ili ulisome mpaka mwisho hata ukikasirika.

Mwili wako umeshasahau unga, ile heroini. Akili haijasahau na sidhani itasahau karibuni, utapita mahali utakutana na mtu au utasikia harufu fulani na mate yatakujaa mdomoni, hilo naliamini. Ila mwili umesahau. Ile dozi uliyokuwa unatumia zamani na bado unasimama unaongea na watu, leo hiyo hiyo itakuzimisha pumzi. Akili itakumbuka kiwango cha zamani na mwili hautakiweza, hapo ndipo watu wanapofia, na wengi wanakufa wakiwa wametoka tu kusafishwa au kutoka jela, wiki za mwanzo mwanzo, wakati kila mtu nyumbani anashukuru Mungu.

Najua arosto, yale mateso ya mwili ukikosa unga, unaijua wewe, ilikuwa kwenye mifupa yako siyo yangu. Ila yapo niliyoyaona mimi kwa nje ambayo wewe huwezi kuwa uliyaona. Ilianza na miayo. Unapiga miayo mpaka taya linalia, machozi yanatiririka na hulii, kamasi, chafya mfululizo, mimi nikajua ni mafua nikawa nakutafutia dawa ya mafua. Mboni zako zilipanuka zikawa kubwa nyeusi na wakati ni mchana kweupe, ukawa hutaki dirisha lifunguliwe. Halafu ngozi. Nilikushika mkono kukupa maji nikakuta malaika yote yamesimama kuanzia kiganjani mpaka begani, ngozi imejaa vipele vidogo vya baridi na juu yake jasho linatiririka, unaniambia baba nasikia baridi na shuka limelowa chapachapa. Nikifunika unatupa, nikizima feni unataka niwashe. Na miguu, mama, ile miguu haikuwa inapigwa na wewe, ilikuwa inaruka yenyewe, unairusha usiku kucha mpaka shuka likachanika upande wa miguuni, unasema kuna kitu kinatambaa ndani ya mfupa na huwezi kukikuna.

Tumbo silielezi, tuliosha wote.

Baadaye nikamuuliza nesi, kwa nini kila kitu kilichokuwa kimelala kwa mtoto wangu kimeamka kwa pamoja, akanieleza vizuri na mimi nikuelezee maana sidhani wakati ule ulikuwa unasikiliza mtu. Kwenye shina la ubongo kuna sehemu ndogo inayotoa kemikali inaitwa noradrenalini, ndiyo inayokuamsha, inapandisha mapigo ya moyo na presha, inakufanya uwe macho. Unga unaikandamiza. Ukitumia kila siku ubongo unaona umekandamizwa sana, unaongeza nguvu ili usilale moja kwa moja, inakuwa kama watu wawili wanasukumana mlangoni, huyu ndani huyu nje, na mlango unabaki pale pale. Sasa unga ukiondoka ghafla, yule wa upande wa pili bado anasukuma kwa nguvu zake zote, ndio unaona moyo unakimbia, jasho, mboni zimepanuka, wasiwasi, usingizi hakuna. Na utumbo vile vile, unga ulikuwa umeufunga choo hakiendi, ukiondoka unafunguka wote kwa mara moja. Kumbe siyo laana wala siyo mashetani kama bibi yako alivyokuwa anasema, na siyo uzembe kama nilivyokuwa nasema mimi.

Kwa heroini akasema inaanza masaa 8 mpaka 24 tangu utumie mara ya mwisho, inapanda juu kabisa siku ya 2 au ya 3, halafu inashuka, kwa kawaida inaisha ndani ya siku 4 mpaka 10. Laiti ningejua kuna kilele na baada yake kinashuka. Ule usiku mbaya kuliko yote, uliponishika shati ukaniomba nikutafutie kidogo tu, mimi nilidhani hali itakuwa hivyo siku zote, na nilikaribia kukutafutia. Sitaki kuliongelea zaidi hilo. Wala lile la kufuli.

Kuna watu wanasema arosto haiui, ni mateso tu mwache atapike ashike adabu. Siyo kweli hivyo. Mtu akitapika na kuharisha siku nzima bila kurudishiwa maji na chumvi, damu inaharibika chumvi zake na moyo unaweza kusimama, wapo waliokufa hivyo hivyo wakiwa wamefungiwa ndani na mtu hawaangalii. Dawa za kuipunguza zipo, za kutuliza hiyo noradrenalini, za tumbo, za kichefuchefu, na methadoni, dawa anayopewa mtu kliniki badala ya unga. Hakuna sifa yoyote ya kuipita arosto kavu kavu. Ukisikia mwenzako yeyote anataka kujifungia chumbani peke yake mwambie hivyo, mwambie baba yangu kasema.

Lakini sasa nisikilize hapa. Yale mateso yote yalikuwa ni mwili unajifunza upya kuishi bila ile kitu. Ulilipa. Ule msukumo umeshuka, mlangoni hakuna tena anayesukuma. Kwa hiyo siku ukirudisha ile dozi ya zamani hakuna wa kuizuia, inaingia mpaka kwenye sehemu ya ubongo inayokumbusha mtu kuvuta pumzi, nayo inanyamaza. Mtu analala anakoroma koromo la ajabu la kugugumia, midomo na kucha zinakuwa za bluu au kijivu, mboni zinasinyaa kadogo kabisa kinyume na zile nilizoziona kwako, unamwita haitiki. Watu wa pembeni wanasema mwacheni amelala. Hajalala.

Sisemi utarudia. Usije ukasema baba haniamini. Nakuamini, umepita pale ambapo wanaume wazima wameshindwa, na nikikumbuka unavyokunywa chai yako asubuhi umekaa umetulia najisikia mtu mkubwa sana. Ila uliwahi kunitazama usoni ukaniambia simu imeibiwa, na pasi nayo ikaibiwa, na mimi nikaamini, kwa hiyo uniruhusu na mimi nijiandae kwa yote mawili. Nikinyamaza leo halafu ikatokea, itakuwa nilijua nikanyamaza.

Hivyo ukifika huko kwanza kabisa tafuta kliniki ya methadoni au dawa mwenzake buprenofini, kabla hata ya kutafuta kitanda. Najua ulisema hutaki kubadilisha unga mmoja kwa mwingine. Siyo hivyo. Hizo ni dawa, Shirika la Afya Duniani limeziweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2005, zinakaa mwilini muda mrefu, hakuna kupanda na kushuka, mtu anaenda kazini anarudi. Wanaokaa kwenye hizo dawa hufa wachache kuliko wanaosafishwa tu halafu wakaachwa. Uliposema hutaki nilikupigia makofi nikakuita jasiri, basi yale makofi yarudishe, nenda kaulize. Ila siku ukianza usije ukaacha ghafla, arosto ya methadoni inachelewa kuanza, masaa 12 mpaka 48 tangu dozi ya mwisho, na inaweza kuvuta siku 10 mpaka 20. Na ukija kupata ujauzito, najua hili si la baba kusema ila mama yako hayupo wa kulisema, usikatishe dawa mwenyewe, mtoto tumboni anaweza kuharibika, nenda kwa daktari ndio aamue.

Naloksoni. Hili jina liandike mahali. Ni dawa inayomrudisha mtu pumzi akizidisha, ya sindano au ya kupulizia puani. Ulizia kliniki kama wanatoa, na anayetakiwa kujua ilipo ni yule unayekaa naye chumba kimoja, maana aliyezimika hajichomi mwenyewe. Wakishampa waite msaada na wasimwache, nguvu yake inakatika ndani ya nusu saa mpaka saa moja na nusu, unga unaweza kubaki mwilini na akazima tena. Na wamlaze ubavu asipaliwe na matapishi.

Halafu hii ya usingizi. Nimesikia bado unakaa macho mpaka alfajiri na mwili unakuwa mzito huna hamu na kitu. Hiyo ni mabaki, inaweza kuvuta wiki na hata miezi baada ya mwili kutulia, haimaanishi umeshindwa. Ila ole wako ununue vidonge vya usingizi vya mkononi, hizi diazepamu watu wanapeana, wala pombe ya kujilaza. Peke yake unaweza kusema ni kidogo tu, ila ukichanganya na unga hata kidogo kile kile pumzi inakata. Tembea jioni, lala na kuamka muda ule ule, ukishindwa kabisa mwambie daktari historia yako yote usimfiche.

Na narudia, siku ikikushinda, nasema ikikushinda sisemi itakushinda, usiwe peke yako nyuma ya mlango uliofungwa, na usiguse kiwango cha zamani. Nipigie kabla. Nipigie hata ukiwa umeshatumia. Sitagomba. Nitagomba wiki inayofuata.

Huku nyumbani tuko salama. Bomba la bafuni bado linavuja, fundi kaja kaangalia kaondoka na pesa ya vifaa hajarudi. Lile godoro nilikuwa nimelianika nikitaka kulifua nikaona halifai nimelitupa, kwa hiyo ukirudi likizo utalala kwenye jipya, nimeliweka upande wa dirisha. Bibi yako magoti yanamsumbua ila anaulizia wewe kila saa, nimemwambia umepata kazi hajaniuliza ya nini, kaanza kuwatangazia majirani kwamba wewe ni meneja, usimsahihishe. Mdogo wako mitihani inaanza mwezi ujao na hesabu hazipandi, wewe ndiye ulikuwa unazijua, ukipata muda jioni mpigie umwelekeze maana mimi vya siku hizi sivielewi.

Kwenye begi lako nimeweka zile pakiti za chumvi ya kurudisha maji mwilini, usizitoe, hata ukipata tumbo la kawaida zitakusaidia. Namba yangu iandike kwenye karatasi pia isiwe kwenye simu tu, na umpe yule mwenzako wa chumbani, nataka niongee naye wiki ya kwanza, mwambie baba anasalimia na ana maswali mawili matatu.

Na lile sweta la bluu mdogo wako analitaka, nimemwambia akuombe mwenyewe.

Baba yako