Barua kwa mwanangu: Biolojia na Hisabati saa ileile

Nyegezi, Mwanza

Mwanangu Neema,

Mpe bibi shikamoo yangu, na dagaa alizotuma zimefika salama.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Kidato cha tano unataka Fizikia, Kemia, Biolojia na Hisabati, yote manne, kwa sababu hujaamua kati ya udaktari pale Bugando na kujenga madaraja kama lile la Kigongo–Busisi. Mwalimu wa taaluma wa ile shule amekujibu kwa mstari mmoja kwamba Biolojia na Hisabati zinagongana kwenye ratiba, nawe umeandika kwamba wanakubania. Hawakubanii, mama. Jibu lake lilikuwa fupi mno, basi. Acha nikufungulie hesabu iliyo nyuma yake, maana ukiielewa utajua swali la kumrudishia, na lipo moja zuri.

Chukua karatasi. Tuseme shule ina tahasusi saba, yaani michepuo ya masomo matatu matatu: PCM, PCB, PGM, CBG, EGM, HGE na HGL. Masomo yaliyomo humo ni manane: Fizikia (P), Kemia (C), Biolojia (B), Hisabati ya Juu (M), Jiografia (G), Uchumi (E), Historia (H) na Kiingereza (L). Siku ina vipindi 9 vya dakika 40, kwa siku tano ni vipindi 45. Kila somo la tahasusi lipewe vipindi 10 kwa wiki. Masomo manane mara kumi ni 80, na wiki ina 45 tu. Kwa hiyo lazima masomo mengine yafundishwe wakati mmoja katika vyumba tofauti, na kazi yote ya mpanga ratiba ni kutafuta masomo ambayo hayana mwanafunzi wa pamoja hata mmoja.

Fizikia na Historia hazina, zinakaa wakati mmoja. Kemia na Uchumi vilevile. Biolojia, Hisabati na Kiingereza: pitia zile tahasusi saba, hutakuta hata moja yenye mawili kati ya hayo, kwa hiyo yote matatu yanaingia pamoja. Jiografia ndiyo yenye kazi, ina ndugu kila nyumba. Imo PGM, CBG, EGM, HGE na HGL, na kwa njia hiyo inagusa masomo yote saba yaliyobaki. Haiwezi kukaa na yeyote, inakaa peke yake. Mafungu yanakuwa manne, kila moja vipindi 10, jumla 40. Vitano vinavyobaki vinagombewa na BAM (ile hisabati ndogo ya wasiosoma Hisabati ya Juu), masomo ya lazima yasiyo ya tahasusi, dini na michezo, kwa hiyo usishangae ukikuta BAM imesukumwa hadi alasiri jua likiwa kali.

Sasa jaribu kutenganisha Biolojia na Hisabati kwa ajili yako peke yako. Mafungu yanakuwa matano, vipindi 50 ndani ya wiki ya 45. Mlango wako umefungwa hapo. Shule inayotoa vipindi 8 kwa somo ingeweza kuweka mafungu matano, vipindi 40, lakini kila mwanafunzi angepoteza saa 1 na dakika 20 za kila somo kila wiki. Mkuu wa shule hawezi kuwafanyia wenzako hivyo kwa ajili ya mtu mmoja, na mimi nisingemshauri.

Swali la kumrudishia mwalimu ni hili: Biolojia ya PCB na Biolojia ya CBG zinafundishwa pamoja au mbalimbali? Zikifundishwa pamoja, mwalimu mmoja, chumba kimoja, habari imekwisha, lazima zikae nje ya saa ya Jiografia kwa sababu ya watu wa CBG. Lakini shule yenye walimu wawili wa Biolojia inaweza kuwatenga. Mwanafunzi wa PCB hasomi Jiografia, kwa hiyo Biolojia yake inaweza kuwekwa wakati wenzake wako kwenye Jiografia, na hapo wewe unabaki na Fizikia, Kemia, Biolojia na Hisabati bila kipindi hata kimoja kugongana. Angalia tu wasiifanye kinyume. Wakiihamisha Biolojia ya CBG badala ya ile ya PCB, itaangukia saa ya Fizikia na haikusaidii kitu. Swali hilohilo unaweza kuliuliza kwa Hisabati: ya PCM inafundishwa peke yake, au wamechanganywa na PGM na EGM?

Kama jibu ni kwamba zinagongana kwa sehemu, usikubali neno "kidogo". Omba picha ya ratiba ya ukutani, ya wiki nzima, siyo ya siku moja. Weka alama kila kipindi chenye masomo yako mawili, kisha hesabu. Vipindi 2 kati ya 10 vinavumilika, hasa kama ni vya mwisho wa siku na mwalimu anakubali kukupa kazi yake kwenye prepo, saa za kujisomea. Dabo mbili, yaani vipindi 4, ni karibu nusu ya somo. Notisi za kuazima haziwezi kuziba hapo, kwa sababu Hisabati ya Juu inapanda ngazi kwa ngazi. Ukikosa wiki ya utofautishaji (differentiation), ukamilishaji (integration) utakuwa ukuta, na milinganyo ya tofauti (differential equations) hutaigusa kabisa. Biolojia inasamehe kidogo zaidi kwa upande wa nadharia. Kwa upande wa maabara haisamehi.

Maabara ndiyo ina migongano isiyoandikwa ukutani, na ndiyo wengi huivamia bila kujua. Ratiba itaonyesha "Kemia, dabo, Jumatano", lakini darasa likiwa na watu 60 na maabara ina nafasi 20, mwalimu anawagawa makundi matatu na mawili yanafanya praktiko baada ya saa za darasa. Ukisoma sayansi tatu una praktiko za aina tatu zinazogombea alasiri zilezile, pamoja na BAM iliyosukumwa huko. Uliza makundi ni mangapi na yanaingia lini. Uliza pia kama maabara ya Fizikia ni chumba chake au ni kilekile cha Kemia.

Kisha kuna mtihani wenyewe. Kidato cha sita, Fizikia, Kemia na Biolojia kila moja ina karatasi mbili za nadharia na ya tatu ya vitendo. Hisabati ya Juu ina mbili tu. PCB ni karatasi 9, PCM ni 8, na wewe na manne yako ni 11, zote za tahasusi, ndani ya majuma machache ya Mei. Tena kuingia darasani siyo kusajiliwa. Unaweza kukaa kwenye somo la nne miezi kumi halafu jina lako likapelekwa NECTA, Baraza la Mitihani, na masomo matatu. Hilo ulipatie jibu la wazi kabla hujaanza, na kutoka kwa mkuu wa shule, siyo kwa mwanafunzi aliyetangulia.

Nitakwambia ninavyoona. Hata ukipata shule ambayo ratiba inaruhusu, nisingekushauri. Daraja la ufaulu linahesabiwa kwa masomo matatu: A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, na Daraja la Kwanza ni pointi 3 hadi 9. B tatu zinakupa 6. Somo la nne likikuchosha kiasi cha kuzishusha zote kuwa C, una 9, umesimama ukingoni, na D moja inakutupa Daraja la Pili. TCU, tume ya vyuo vikuu, wao wanahesabu kinyume, A ni 5 na E ni 1, kwa hiyo B tatu ni 12 na C tatu ni 9. Kwenye kozi inayogombewa kama udaktari, tofauti hiyo ya pointi 3 ndiyo inayokuacha nje ya geti.

Tena ukitazama vizuri, manne yako siyo uchaguzi wa mambo manne. Fizikia na Kemia zimo PCM na zimo PCB. Unachochagua ni kimoja tu, Biolojia au Hisabati, kwa hiyo tazama kila moja inafunga mlango gani. Bila Biolojia hakuna udaktari, na uuguzi na famasi zinafungwa pia. Bila Hisabati ya Juu hakuna uhandisi wa ujenzi. Fizikia na Kemia zenyewe, yoyote utakayochagua, zinakuachia shahada ya ualimu wa sayansi, hiyo usiihesabu kama hasara upande wowote.

Nimeona umeandika kwamba ukienda PCB "BAM itafidia". Haifidii. BAM ni somo dogo lenye karatasi yake, halihesabiwi kwenye pointi za daraja. Utakutana na utofautishaji na ukamilishaji wa awali, takwimu, uwezekano na matriki. Namba changamano na milinganyo ya tofauti hazimo, na chuo cha uhandisi kinataka ufaulu wa Hisabati ya Juu yenyewe. BAM itakusaidia kuelewa Fizikia ya PCB na itakufaa kwenye baadhi ya kozi zinazodai hisabati kidogo. Iishie hapo.

Hisabati ya kidato cha nne una C. C ya NECTA ni pana, inaanzia 45 mpaka 64, na cheti hakisemi wewe uko wapi humo ndani. Unajua mwenyewe ulivyotoka kwenye chumba cha mtihani. Kama uliacha maswali ya trigonometria na vekta, PCM itakuanzia pale ulipoacha. Biolojia una B, Kemia una A. Sisemi zaidi ya hapo, uchaguzi ni wako. Ila fanya jaribio hili kabla ya kuamua: azima kitabu cha Biolojia cha kidato cha tano, usome sura ya seli, siku tatu, saa mbili kila siku. Siku tatu nyingine, kitabu cha Hisabati ya Juu, sura ya jiometri ya kuratibu, na maswali uyafanye kwa kalamu, siyo kwa macho. Usitazame alama ngapi umepata. Tazama siku ya tatu umekaa mezani dakika ngapi kabla ya kuinuka kwenda kumsaidia bibi kazi ambayo hakukutuma.

Na kama baada ya yote hayo bado umegawanyika kabisa, kumbuka kwamba Hisabati haina maabara. Mtu anaweza kurudi baadaye kuifanya NECTA kama mtahiniwa wa kujitegemea, akiwa na mwalimu mzuri na meza. Biolojia ukiwa nje ya shule itabidi utafute hadubini, vielelezo na mtu wa kukuruhusu kuingia maabara.

Kuhusu Selform, mfumo wa mtandaoni wa kuchagua tahasusi na shule: dirisha la kubadili machaguo likifunguliwa, ingia mapema, asubuhi sana au usiku. Mtandao wa huko Nansio unaujua, na siku ya mwisho mfumo unaelemewa hata ukiwa mjini. Tahasusi na shule vinakwenda pamoja, kwa hiyo hakikisha shule unayoiandika inatoa hiyo tahasusi kweli. Tangu mwaka 2024 Serikali ilipoongeza tahasusi mpya 49 juu ya zile 16 za zamani, orodha imekuwa ndefu, na tahasusi kuwa kwenye orodha ya taifa hakumaanishi kwamba shule fulani ina mwalimu wake. Ukimaliza kuhifadhi, toka, ingia tena, uone kama kilichobaki ndicho ulichoandika, kisha upige picha.

Ukipangiwa PCB na Julai ukiwa shuleni ukaona ulitakiwa PCM, usikae nalo rohoni mpaka likizo. Nenda kwa mwalimu wa taaluma wiki ya kwanza, na barua fupi. Kila wiki unayochelewa ni vipindi 10 vya somo jipya, saa 6 na dakika 40. Wiki tatu ni saa 20, na hakuna mwalimu atakayezirudia kwa ajili yako. Kubadili kunategemea nafasi ya mkondo, kwa hiyo wanaotangulia ndio wanaopata.

Jumamosi saa mbili usiku nitapiga simu ya bibi. Uwe na majibu matatu mkononi: Biolojia ya PCB inafundishwa na CBG au peke yake, makundi ya praktiko ni mangapi, na ulikaa dakika ngapi siku ya tatu.

Baba yako