Tarehe Ambayo Hukuiandika Ukutani

Keko, Dar es Salaam
13 Julai

Mwanangu mpendwa,

Natumai u mzima huko Dodoma na masomo yanakwenda vizuri. Sisi hatujambo. Mgongo wa mama yako umepata nafuu, anakusalimu sana.

Juzi tulikuwa tunapaka rangi chumba chako. Fundi keshachovya brashi, nikaiona ile orodha ya tarehe za muziki uliyoiandika juu ya kitanda kwa kalamu ya wino mzito. Nikamwambia angoje. Nikavuta stuli nikaisoma yote. Miaka yote uliyolala chini yake sikuwahi kuisoma.

5 Julai 1954, Elvis Presley anarekodi Memphis. 9 Februari 1964, Beatles kwenye televisheni ya Marekani, watazamaji milioni 73. Agosti 1969, tamasha la Woodstock, kwenye shamba la mfugaji wa ng'ombe. 31 Oktoba 1975, bendi ya Queen wanatoa wimbo wa karibu dakika 6. Na chini kabisa 13 Julai 1985, tamasha la Live Aid, umeipigia mistari miwili. Ndiyo maana nimengoja leo kukuandikia.

Mwaka huo wa 1985 nilikuwa ndiyo kwanza najifunza kazi hii ya useremala. Huku Bara hatukuwa na televisheni, kwa hiyo siku yenyewe ilitupita kimya. Jana usiku dada yako alinionyesha kwenye simu. Nimeuona uwanja wa Wembley na watu 72,000, wote wamekuja kwa ajili ya wenye njaa wa Ethiopia. Queen walipanda jukwaani saa 12:41 jioni ya London, kwetu huku saa 2:41 usiku. Walipiga kama dakika 20 tu. Yule mwimbaji nilikuwa namjua jina, nani wa pwani hii asiyejua kwamba Freddie Mercury ni Farrokh Bulsara, mzaliwa wa Unguja wa 5 Septemba 1946. Anaita kwa sauti, uwanja mzima unamwitikia kama watoto wa madrasa. Nilifurahi kumwona.

Lakini mimi ni seremala, mwanangu. Macho yangu yalikwenda kwa yule mrefu mwenye nywele nyingi, au tuseme kwenye kitu alichokishika. Ule wekundu wa mbao niliutambua. Nikamwambia dada yako asimamishe picha, nikasogeza simu karibu na miwani. Gitaa lile halikufanana na mengine yaliyopita jukwaani siku ile. Nikauliza limetengenezwa na nani. Akatafuta, akanisomea, na tukakesha.

Kumbe alilitengeneza mwenyewe, na baba yake. Pengine wewe unalijua hilo siku nyingi. Mimi nimelijua jana, na sijapata usingizi.

Huyo mrefu, Brian May, alikuwa na miaka 16, Agosti 1963, na pesa ya kununua gitaa la umeme nyumbani kwao haikuwepo. Baba yake, Harold, alikuwa mtu wa mambo ya umeme, mwenye mikono ya kazi. Wakageuza chumba kimoja cha nyumba yao ya Feltham, nje kidogo ya London, kuwa karakana. Shingo waliichonga kutoka kwenye mahogani ya fremu ya meko kuukuu ya kuotea moto. Ilikuwa na tundu zilizotobolewa na wadudu, wakaziziba kwa njiti za kiberiti. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu, maana hata mimi nimeshaziba hivyo, na mteja hakujua. Mwilini waliweka mwaloni wa meza ya zamani na blokibodi, wakafunika kwa vinia, ule ubao mwembamba wa kubandika, ya mahogani. Zile alama nyeupe za shingoni ni vifungo vya lulu kutoka kwenye kopo la kushonea la mama. Kile kifimbo cha kutikisia sauti kinarudishwa na springi za injini ya pikipiki kuukuu, chenyewe kimetokana na chuma cha kubebea mkoba wa baiskeli, na ncha yake ni kipande cha sindano ya mama ya kufumia. Gharama yote ilikuwa kama pauni 8. Iliwachukua kama miaka 2, jioni kwa jioni, na anapiga nyuzi zake kwa sarafu ya peni sita, nusu shilingi ya Kiingereza, sumni kwa lugha ya wazee wetu.

Wakati mbao zile zinachongwa, Freddie alikuwa kijana wa miaka 16 kuingia 17 huko Unguja. Mapinduzi ya Januari 1964 yalipotokea, familia yake ikaondoka, ikaenda kukaa Feltham hiyohiyo, jirani kabisa na karakana ile, na vijana hawa wawili hawakujuana bado. Walikuja kuunda bendi mwaka 1970.

Sasa tazama orodha yako. Tarehe zako zote ni za mavuno. Ni siku ambazo watu walishangilia. Agosti 1963 hakuna aliyepiga makofi, kulikuwa na mzee na kijana na vumbi la mbao. Bila hiyo, 13 Julai yako yule mrefu angekuwa na gitaa la mtu mwingine.

Na hapa ndipo ninapopaswa kusema jambo ambalo nimelikwepa muda mrefu.

Ulipokuwa kidato cha pili ulitengeneza gitaa la plaiwudi na mishipi ya kuvulia. Nilirudi nikalikuta juu ya benchi langu. Nilikuwa na kitanda cha mteja kimechelewa, wewe ulikuwa umeshika nafasi ya nne kutoka mwisho, nikakasirika. Nikalitupa kwenye lundo la vipande tunavyompa mama ntilie wa kuwashia moto. Ulinitazama, hukusema kitu, ukaenda kulala bila kula.

Kitu ambacho sijamwambia mtu, hata mama yako: kabla ya kulitupa nililigeuza. Shingo na mwili hukuviunga kwa msumari. Ulikuwa umekata ulimi, umechonga tundu kwa patasi yangu ndogo, ukaingiza na gundi, na umekaa sawasawa, haukucheza hata kidogo. Hakuna aliyekufundisha. Uliiba kwa macho, kama mimi nilivyoiba kwa fundi wangu. Niliona, mwanangu. Niliona kuwa ni kazi safi, na bado nikatupa. Nisamehe.

Harold naye hakuwa malaika. Mwanawe alipoiacha shahada ya udaktari ya elimu ya nyota ili afuate muziki, aliumia sana, na haikwisha upesi. Mpaka alipokwenda New York akamwona ukumbini Madison Square Garden ndipo akakubali. Brian alirudi kuimalizia shahada hiyo mwaka 2007, zaidi ya miaka 30 baadaye, na baba yake alikuwa ameshafariki. Mimi sitaki kungoja ukumbi wa New York.

Fundi rangi nimemwambia auache ule ukuta. Nimeongeza mstari mmoja kwa penseli yangu ya kazi, juu ya tarehe yako ya Februari 1964: Agosti 1963, Feltham. Ukirudi utaandika upya kwa wino wako, mwandiko wangu mbaya.

Ukifunga chuo njoo moja kwa moja, usipitie kwa mjomba wako kwanza. Mfumbati mmoja wa kitanda cha babu yako ninao bado, mninga wa zamani, mkavu kabisa. Nimeupiga randa kidogo upande mmoja kuutazama, nyuzi zake za mbao zimenyooka mwanzo hadi mwisho, hauna ufa wala fundo. Kwa shingo unatosha na kubaki. Nyuzi za chuma na vile visumaku vya kunasia mlio utanunua wewe, mimi sivijui. Ila niandikie unene unaoutaka pale kiganja kinaposhika. Usinipe namba za kwenye mtandao. Shika gitaa la rafiki yako linalokukaa vizuri, lizungushie uzi, ukate, uniletee huo uzi.

Baba yako